Mlango Ulio Moyoni mwa Mtoto



Liko swali moja lisilokoma kuulizwa katika sharika zetu, ingawa mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona, nyuma ya nyumba, mwenye nyumba asipate kusikia. Mtoto amezaliwa, na baada ya siku chache au miezi michache yaonekana ya kuwa moyo wake ni mgonjwa. Hunyonya kidogo akachoka. Hutokwa na jasho kichwani anaponyonya. Hupumua upesi upesi. Hakui kama wenzake. Pengine midomo yake na kucha zake zaingia rangi ya samawati. Ndipo watu huuliza: Ni nani aliyekosa? Ni mama, au ni baba, au ni babu zake? Wengine hutaja mwiko uliovunjwa, wengine mchawi. Na wengine, ambao ni Wakristo wasiotaka kusikia habari za wachawi, hutaja dhambi ya siri. Majina ni mbalimbali, lakini shauri ni moja: sharti apatikane mwenye hatia.

Mwezi huu twataka kulipima swali hili, wala hatutaki kulipima kwa maneno matupu. Mtu atakaye kuhukumu kazi ya fundi yampasa kuitazama kwanza kazi yenyewe. Basi na tutazame moyo wa mtoto jinsi ulivyo tumboni mwa mama yake, na jinsi ugeukavyo siku ya kuzaliwa. Kisha tutarudi kwenye swali letu.

Moyo wa mtu ni kama ngumi yake kwa ukubwa, nao una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu hupokea damu, na vyumba vya chini huisukuma. Katikati umesimama ukuta uugawao moyo kuwa nusu mbili, ya kuume na ya kushoto, wala damu ya upande mmoja haivuki ukuta ule kwenda upande wa pili. Nusu ya kuume hupokea damu iliyochoka kwa kuzunguka mwilini, ikaipeleka mapafuni ipate hewa ya uzima, ambayo madaktari huiita oksijeni. Damu ikiisha kuburudishwa hurudi katika nusu ya kushoto, nayo huisukuma katika mshipa mkuu hata ifike kichwani na vidoleni. Daktari Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyeyaeleza mambo haya waziwazi katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Kabla yake wataalamu wengi wa Ulaya waliamini ya kuwa damu hupenya ukutani mwa moyo katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Harvey alisema vitundu hivyo havipo. Lakini alisema pia ya kuwa habari ya mtoto aliye tumboni ni nyingine.

Naam, ni nyingine kabisa. Mtoto aliye tumboni hukaa majini, wala hana hewa ya kuvuta. Mapafu yake yamejaa maji, yangojea siku yake. Walakini moyo wake haungoji. Huanza kupiga karibu na siku ya 22 tangu mimba kutungwa, wakati mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Na kufikia mwisho wa juma la nane vyumba vyote vinne vimekwisha kujengwa. Mara nyingi mama hajajua hakika ya kuwa ana mimba, na kazi hiyo imekwisha kuanza.

Kondo la nyuma ndilo limfanyialo mtoto kazi ya mapafu. Hapo damu ya mtoto hupita karibu sana na damu ya mama, kitu chembamba tu kikizitenga. Hewa na chakula hupenya kuja kwa mtoto, na taka hupenya kwenda kwa mama, lakini damu zenyewe hazichanganyiki. Katika kamba ya kitovu hupita mishipa mitatu: miwili hupeleka damu ya mtoto kondoni, na mmoja huirudisha ikiwa imeburudishwa.

Basi ingekuwa hasara kuipeleka damu yote mapafuni, mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo Mwumba amempa mtoto njia tatu za mkato, ambazo mtu aliyekwisha kuzaliwa hazimfai tena. Ya kwanza iko inini: sehemu ya damu itokayo kitovuni hupita bila kuchelewa humo, ikafika moyoni upesi. Ya pili ni mlango ulio katika ukuta wa moyo, kati ya vyumba viwili vya juu. Mlango huu una kipazia chembamba kifungukacho upande mmoja tu, toka kuume kwenda kushoto. Kwa mlango huo damu iliyo njema huvuka, ikapelekwa kwanza kwa moyo wenyewe na kichwani, mahali inapohitajiwa kuliko pote. Ya tatu ni mshipa mfupi kama daraja, unaounga mshipa wa mapafu na mshipa mkuu. Damu iliyokuwa ikielekea mapafuni huvukia hapo, hata ni sehemu ndogo tu ifikayo mapafuni.

Twaomba msomaji aliangalie neno hili vizuri, kwa kuwa shauri letu lote lasimama juu yake. Kila mmoja wetu, aandikaye na asomaye, mzee wa kanisa na mtoto wa mafundisho, aliishi miezi ile akiwa na mlango wazi moyoni mwake. Kama mlango ule ungalifungwa kabla ya wakati wake, tungalikuwa katika hatari ya kufa kabla ya kuliona jua.

Siku ya kuzaliwa ikafika. Mtoto alia, na hewa yaingia mapafuni kwa mara ya kwanza. Mishipa ya mapafu, iliyokuwa imejibana, yafunguka; damu yamiminika humo, kisha yarudi kwa wingi katika chumba cha juu cha kushoto. Kamba ya kitovu ikiisha kufungwa, damu ijayo upande wa kuume yapungua. Basi nguvu ya upande wa kushoto yaishinda ile ya kuume, na kile kipazia chasukumwa ukutani, mlango ukafungwa. Daraja nalo, likiguswa na damu yenye hewa mpya, lajikaza. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake huwa mara nyingi limefungwa katika siku 3 za kwanza, na baada ya majuma machache hugeuka kuwa ukano. Mkunga ampangusaye mtoto hamwoni moyo, walakini saa ile ile, katika mikono yake, moyo wabadili njia zake.

Alama za njia hizo zimebaki ndani yetu hata leo: ukano mfupi juu ya moyo, ukano mwingine toka kitovuni hata inini, na kibonde kidogo katika ukuta wa moyo. Tena katika watu wazima 4, karibu mmoja mlango wake haukugandamana kabisa, na wengi katika hao huishi hata uzee bila kujua neno.

Lakini mara nyingine mambo hayaendi hivyo. Pengine daraja halifungiki, hasa kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Ndipo damu hurudi mapafuni kupita kiasi, mapafu yakalemewa na moyo ukachoka. Pengine ukuta wenyewe haukukamilika katika yale majuma ya kwanza, ama mishipa ilitokea mahali pasipo pake. Katika watoto 1,000 wazaliwao hai, kadiri ya 8 hata 10 huwa na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa. Watoto hao huzaliwa Ulaya na Marekani kama Afrika, nyumbani mwa wachungaji na nyumbani mwa watu wasiomjua Kristo.

Katika habari za udaktari tumepata ushuhuda wa ajabu juu ya lile daraja. Tarehe 26 Agosti 1938, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari Robert Gross alimpasua msichana wa miaka 7 ambaye daraja lake halikujifunga. Akalifunga kwa uzi, na msichana akapona. Wakati huo huo, katika mji wa Baltimore, alikuwako daktari mwanamke, Helen Taussig, aliyewatunza watoto wa rangi ya samawati, ambao njia yao ya kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba mno. Masikio yake yalikuwa yamepungukiwa nguvu, naye akajifunza kuusikiliza moyo kwa vidole. Aliona ya kuwa baadhi ya watoto hao walizidiwa mara lile daraja lilipojifunga. Maana kwao ndilo lililokuwa likiyapelekea mapafu damu. Akawaza: Ikiwa daraja laweza kufungwa na mkono wa mtu, je, haliwezi kujengwa? Ndipo tarehe 29 Novemba 1944 daktari Alfred Blalock alipouunga mshipa uendao mkononi na mshipa wa mapafu, na baada ya huyo wa kwanza watoto wengi wa namna ile walipata nafuu. Nyuma ya Blalock, juu ya kibao, alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi aliyewahi kuwa seremala, asiye na shahada ya udaktari. Yeye ndiye aliyeijaribu kazi ile kwanza kwa mbwa, na siku ile ndiye aliyemwelekeza mpasuaji hatua kwa hatua. Chuo cha Johns Hopkins kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976.

Angalieni basi. Kwa mtoto mmoja daraja ni ugonjwa, nao humfungia apate kuishi. Kwa mtoto wa pili daraja ni uzima, nao humjengea apate kuishi. Hata siku hizi iko dawa iitwayo prostaglandini, wapewayo watoto wengine wachanga ili daraja lisijifunge hata wafikie kupasuliwa. Kitu ni kile kile; kilichogeuka ni wakati na mahali. Mhubiri alifundisha zamani ya kuwa kila jambo lina majira yake chini ya mbingu, na mafundisho yake yameandikwa hata katika kifua cha mtoto mchanga.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Wanaosema ya kuwa tundu lile limetiwa na laana hawajui ya kuwa mlango ulikuwako kwanza, nao ulikuwa wa baraka. Mlango usiofungwa haukupasuliwa na adui. Ni kazi njema ya tumboni iliyopita saa yake. Na ukuta usiokamilika haukubomolewa na mtu. Ni jengo ambalo halikufika mwisho wake, katika majuma ambayo hata mama hakuwa na habari. Tukimwita mama mbele ya baraza na kumwuliza alilolifanya, twamwuliza habari za nyumba iliyojengwa usiku, bila taa, naye akiwa amelala.

Labda msomaji mmoja atasema: Je, hatukusoma katika Amri Kumi ya kuwa uovu wa baba huwafikia wana hata kizazi cha nne? Tumesoma. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo, ameliweka neno lile mwisho wa Amri zote, ili kila mtu aogope kwa nafsi yake mwenyewe. Halikutolewa liwe fimbo mkononi mwa jirani. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliikataza mithali ya watu wake waliowatwika wana makosa ya baba zao. Na Bwana wetu alipozitaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wabaya kuliko wengine, akawageuzia wasikiao wito wa toba.

Tena liko jambo la yule kipofu wa tangu kuzaliwa, katika sura ya 9 ya Yohana. Wanafunzi waliuliza swali lile lile linong'onwalo nyuma ya nyumba zetu. Bwana hakumtaja mtu. Aliwaondolea hatia yeye na wazazi wake, akasema habari za kazi za Mungu zitakazoonekana, kisha akainama, akafanya tope, akaanza kuponya. Wanafunzi walitazama nyuma, wapate kujua chanzo. Yeye alitazama mbele, wapate kuona kazi. Kwa nini Mungu aliruhusu mtu yule azaliwe kipofu, hata wanafunzi wenyewe hawakuelezwa. Waliona tu tope katika vidole vya Bwana.

Mwingine atasema: Lakini madaktari wenyewe wasema ziko sababu. Ni kweli, wala hatutaki kuificha. Mama akishikwa na ugonjwa wa rubela katika miezi ya kwanza ya mimba, moyo wa mtoto waweza kudhurika. Vivyo hivyo kisukari kisichotunzwa, pombe, na dawa fulani. Pengine sababu iko katika mbegu yenyewe ya uzazi, ambayo mtu hakuichagua. Lakini kwa watoto walio wengi hapana sababu moja inayoonekana. Tena kutafuta sababu na kumtafuta mwenye hatia ni mambo mawili. Sababu hutafutwa mapema, ili watu wakingwe: wasichana wapate chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2014, mama mwenye kisukari atunzwe, mwenye mimba asinywe pombe. Mwalimu afundishaye hayo kabla ya mimba afanya kazi ya upendo. Anayeyasema baada ya mtoto kuzaliwa, mbele ya watu, amtia mama jeraha juu ya jeraha. Na kama yuko mama ambaye dhamiri yake yamshitaki kweli, mlango wa maungamo u wazi kwake, kwa hiari yake, mbele ya mchungaji wake, apate ondoleo. Maungamo hayakuwekwa ili kuwaeleza wazee asili ya ugonjwa.

Tumesikia habari za mama mmoja wa usharika ambao hatutautaja. Mtoto wake aliugua moyo, na wazee wakamwambia asikaribie Meza ya Bwana hata atakapoitoa dhambi iliyomletea msiba. Mama akajichunguza mwezi baada ya mwezi, asione kitu kilicho kikubwa kama ugonjwa ule. Mwisho, kwa kuchoka, akaungama ya kuwa alikwenda kwa mpiga ramli. Wazee wakaridhika, wakamrudisha. Miaka ilipopita akasema mwenyewe, waziwazi, mbele ya wanawake wenzake, ya kuwa hakumwendea mpiga ramli kamwe. Alisema vile ili apate amani. Na mtoto hakupelekwa hospitali mpaka alipotimiza miaka 4, kwa maana wote waliamini ya kuwa dawa imekwisha kupatikana katika maungamo. Madaktari wakasema wakati uliofaa wa kumpasua umepita, kwa kuwa mapafu yake yameharibika.

Wapendwa, na tuihesabu hasara ya jambo hili. Wazee walitaka kuiondoa dhambi moja isiyokuwako, wakazaa dhambi iliyo kweli. Maana walimsukuma mama kusema uongo juu ya nafsi yake mwenyewe, kinyume cha Amri ya Nane. Waliifanya Meza ya rehema kuwa baraza la hukumu. Nao walimnyang'anya mtoto siku zake za kuponywa. Hapana shaka walikuwa watu wa sala. Lakini bidii isiyo na maarifa yaweza kuua, hata ikiwa imepiga magoti.

Basi yatupasaje kufanya?

Kwanza, walimu na wazee wajifunze dalili tulizozitaja hapo mwanzo, nao wamwambie mama mwenye mtoto wa namna hiyo neno moja tu: Nenda hospitali, nasi tutakwenda pamoja nawe. Zamani watoto wengi walipelekwa nchi za mbali kama Uhindi kwa kupasuliwa moyo. Tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, na watoto hupasuliwa humo. Kuomba na kusafiri havishindani. Atakayebaki nyumbani na aombe, na mwenye nauli na atoe nauli.

Pili, usharika uwe na sanduku kwa ajili ya watoto wagonjwa. Maana maneno mazuri hayalipi gari wala kitanda. Watu wanaoweza kuchangia karamu ya arusi hawawezi kusema ya kuwa hawana kitu.

Tatu, baba wa mtoto asaidiwe kusimama mahali pake. Wako wanaume wamrudishao mke kwao kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Mchungaji asimwache mtu wa namna hiyo akae mbele katika ibada kana kwamba hakutenda neno, hali mkewe ameketi kwa wazazi wake akiwa na mtoto asiyeweza kupumua.

Nne, mtoto akifa, azikwe kwa heshima yote ya Kikristo, na mama yake asiulizwe kitu. Aliye Mwumba alimjua mtoto yule tangu siku ile ya 22, moyo wake ulipopiga mara ya kwanza gizani, pasipo mtu kusikia. Hatampoteza sasa.

Na atakayesikia tena swali lile likinong'onwa nyuma ya nyumba asinyamaze. Aeleze habari ya mlango na habari ya daraja, kama alivyozisoma hapa. Kisha aingie ndani kwa mama, ampokee mtoto, ampakate kidogo, mama apate kulala.

Bwana aliyewapokea watoto mikononi mwake atupe macho ya kuona na moyo wa rehema. Amina.